Mbwa wa Kikosi na Daktari Wake

Askari aliyewahi kusimama usiku katika kizuizi cha barabarani pamoja na mbwa analijua jambo hili bila ya kuelezwa na mtu. Gari linasimama, dereva anashuka huku akitabasamu, hati zake zote ni safi. Kisha mbwa anazunguka nyuma ya gari, ananusa, anapita, anarudi palepale, ananusa tena na kuketi kitako. Tangu dakika ile tabasamu la dereva limekwisha kazi yake. Watu wenye bunduki na vyeo wamemwamini mnyama wa kilo thelathini asiyejua kusema, nao wamefanya vyema kumwamini.

Lakini mnyama huyohuyo anapougua, mara nyingi hakuna hata mmoja katika kambi ajuaye ni nani wa kuitwa. Bunduki ina fundi wake, gari lina fundi wake, redio ina fundi wake, na kila fundi anajulikana kwa jina na mahali alipo. Mbwa hutafutiwa daktari siku ya ugonjwa, tena usiku, tena kwa haraka. Na daktari apatikanaye kwa haraka ni yule aliye karibu, si lazima awe yule afaaye. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi, wa polisi, wa magereza na walinzi wa mbuga juu ya jambo hili, kwa sababu mbwa wazuri wamepotea si kwa kukosa dawa, bali kwa kupewa dawa na mtu asiyewajua mbwa.

Tuna kisa kimoja ambacho hatutataja mahali pake wala watu wake, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Katika kituo kimoja kilicho mbali na mji, katika nchi yenye mbung'o, alikuwapo mbwa wa aina ya Kijerumani, mfuata nyayo, mwenye umri wa miaka mitano. Asubuhi moja alikataa chakula. Asubuhi ya pili alikataa tena, ufizi wake ukawa mweupe na masikio yake ya moto. Mwongozaji wake akatoa habari kwa mkubwa wake, naye mkubwa akamwita bwana aliyekuwa akihudumia ng'ombe wa vijiji vya jirani. Huyo alikuwa mtu mwema na mchapakazi, alikuja kwa baiskeli saa ileile. Alimtazama mbwa, akasema, "Hii ni nagana." Hakuchukua damu. Alikuwa na dawa aliyokwisha kuikoroga kwa ajili ya ng'ombe, akavuta katika bomba la sindano kiasi alichokikadiria kwa macho, akamchoma mbwa. Kesho yake mbwa hakuwa na nafuu, naye akarudi, akamchoma tena kiasi kilekile. Siku ya tatu miguu ya nyuma ya mbwa ilianza kupepesuka kama ya mlevi, macho yakawa yanachezacheza. Usiku akashikwa na kifafa, na kabla ya alfajiri akawa amekufa mikononi mwa mwongozaji wake.

Baadaye daktari mmoja wa wanyama alisimuliwa habari hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa na kilo ngapi?" Hakuna aliyejua.

Yafaa tueleze swali hilo lilikuwa na maana gani. Dawa iliyotumika ni diminazini, ambayo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa jina la Berenil. Ni dawa njema, nayo imeokoa ng'ombe wasiohesabika. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu tatu na nusu kwa kila kilo moja ya uzito. Ikikorogwa kama ilivyozoeleka, mililita moja hutosha kilo ishirini. Maana yake, dume la ng'ombe la kilo 300 huchomwa mililita 15, na mbwa wa kilo 30 huchomwa mililita moja na nusu. Ng'ombe akizidishiwa kidogo aghalabu hustahimili, na wako waganga wa mifugo ambao kwa makusudi humpa ng'ombe maradufu pale ugonjwa unapokuwa sugu. Mbwa hana nafasi hiyo. Kwake umbali baina ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachoumiza ubongo ni mfupi mno, na kuchomwa tena upesi upesi ni hatari kama kuzidishiwa mara moja. Kupepesuka, macho kuchezacheza na kifafa ndizo dalili za ubongo uliodhurika, na zikishatokea hakuna sindano ya kuzirudisha nyuma.

Tusieleweke vibaya. Bwana yule akiitwa kwa ng'ombe, twamwita sisi wenyewe kesho. Kosa lilikuwa la wale waliodhani kwamba mtu akitibu mnyama mmoja basi anatibu wanyama wote. Katika vyuo vyetu, Makerere, Kabete karibu na Nairobi, na Morogoro, kila daktari wa wanyama husoma habari za ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, farasi na mbwa. Lakini akishatoka chuoni, riziki yake iko kwa ng'ombe na kuku, maana hao ndio wenye kulipa. Baada ya miaka kumi kijijini huenda mikono yake imesahau mshipa wa mguu wa mbwa uko wapi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza daktari, kwa adabu yote lakini bila ya haya, ni hili: katika mwezi uliopita umetibu mbwa wangapi? Daktari wa kweli hatakasirika. Akisema, "Wawili tu, lakini yuko mwenzangu fulani mjini atibuye mbwa kila siku," basi mtu huyo amekwisha kukusaidia kuliko yule asemaye kwamba anajua kila kitu.

Bila shaka hapana budi kwanza awe ameandikishwa kisheria. Kila nchi yetu ina bodi au baraza la madaktari wa wanyama lenye orodha, na kumwuliza mtu hati yake si matusi. Askari huulizwa kitambulisho kila siku. Hilo halihitaji maneno mengi.

Jambo linalohitaji maneno mengi ni damu.

Mbwa wa kazi katika nchi hizi ana maadui watatu wa damu. Wa kwanza ni nagana, inayoletwa na mbung'o, ambayo kwa mbwa hujitokeza kwa homa inayokuja na kuondoka, kukonda, na mara nyingi jicho kufunikwa na ukungu mweupe kama maziwa. Mbwa aliyekulia Kampala na kuhamishiwa Busoga au pembezoni mwa mbuga, au aliyeletwa kutoka Ulaya, hushambuliwa vikali kuliko mbwa wa kijiji aliyezaliwa palepale. Wa pili ni homa ya kupe ivunjayo chembe nyekundu za damu, iitwayo babesia. Mkojo wa mbwa huweza kugeuka rangi ya kahawa, na mbwa aliyekuwa akikimbia Jumatatu huweza kufa Alhamisi. Wa tatu naye huletwa na kupe, jina lake ni erlichia, na ndiye mjanja kuliko wenzake, maana huweza kukaa mwilini kwa miezi bila ya kelele, halafu siku moja damu ikaanza kutoka puani bila ya kukoma.

Jeshi la Marekani lililipia somo hilo wakati wa vita ya Vietnam. Kati ya 1968 na 1970 mbwa wao wa vita, wengi wakiwa wa aina hiyohiyo ya Kijerumani tuitumiayo sisi, walianza kutokwa na damu puani na kufa, zaidi ya mia moja, na kwa muda madaktari wao hawakujua wanapambana na nini. Hatimaye ilionekana kwamba ni ugonjwa ulioelezwa tangu 1935 huko Algeria na wataalamu wa Kifaransa. Jeshi tajiri namna ile liliangushiwa mbwa wake na kupe.

Sasa, ndugu msomaji, tazama ugumu ulipo. Maadui hao watatu wote huanza kwa namna moja: mbwa ana homa, hana hamu ya chakula, ufizi umepauka. Kwa macho matupu huwezi kuwatenganisha, na dawa zao si moja. Kinachowatenganisha ni tone la damu lililochomolewa katika ncha ya sikio, likapakwa juu ya kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kazi hiyo haichukui hata saa moja. Basi mkiingia katika chumba cha daktari, itafuteni hadubini. Tena itazameni kama ina vumbi. Hadubini iliyofunikwa kwa mfuko wa nailoni juu ya kabati haitamsaidia mbwa wenu. Daktari afaaye hutazama damu kabla ya kuchoma sindano, na baada ya matibabu huitazama tena, kwa sababu nagana ya mbwa ina tabia ya kujificha ndani ya ubongo ambako dawa haifiki vyema, kisha ikarudi baada ya wiki kadhaa wakati kila mtu amekwisha kushukuru.

Na akiwa hodari zaidi, atawauliza: kama mbwa huyu akipungukiwa na damu sana, ni mbwa gani wa kumtolea? Mbwa mzima mwenye afya na uzito unaozidi kilo 25 huweza kutoa karibu nusu lita. Kikosi chenye mbwa kadhaa kina hazina ya damu inayotembea kwa miguu minne, lakini ni lazima ijulikane mapema ni yupi na daktari gani anayo mifuko ya kuichukulia.

Tuje kwenye pua. Mbwa wa nyumbani akipona kuhara, amepona. Mbwa wa kunusa mabomu akipona kuhara, swali bado liko: pua yake imebaki vilevile? Ipo dawa iitwayo metronidazoli, ambayo kila askari aliyewahi kuugua tumbo anaijua kwa jina la Flagyl. Hutumika kwa mbwa pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwajaribu mbwa wa kunusa baruti kwa dawa hiyo, na nusu yao walipungukiwa na uwezo wa kutambua baruti walipokuwa wakiinywa. Huo ni upungufu usioonekana kwa jicho. Mbwa anatikisa mkia, anakula, anakimbia, anapita kando ya begi lenye baruti na kuendelea na safari yake, na mwongozaji anasema pasalama. Daktari asiyeuliza, "Mbwa huyu kazi yake ni nini?" hawezi kulikumbuka jambo hilo. Kwa hiyo ukimpeleka mbwa, nyamaza kidogo. Ngoja uone kama ataliuliza. Akiuliza, mwulize nawe: baada ya dawa hii, mbwa apumzishwe siku ngapi kabla ya kurudi kazini?

Kwa ndugu zetu polisi pua hiyo ina mlango mwingine, nao ni mlango wa mahakama. Tangu 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema kwamba ushahidi utokanao na mbwa upokewe kwa uangalifu mkubwa, na kwamba mwongozaji aeleze mwenyewe mazoezi na uwezo wa mbwa wake. Wakili hodari anaweza kuuliza kama siku ile mbwa alikuwa mzima. Jibu la "nadhani alikuwa mzima" si jibu. Daktari anayeandika katika daftari tarehe, joto, uzito, dawa, kipimo na siku za mapumziko, kisha akatia sahihi, ni shahidi wako hata kama hataitwa.

Hapa twaongeza neno juu ya dawa za zahanati ya kambi. Iko desturi ya kumgawia mbwa vidonge vya maumivu vya askari, ibuprofeni au diklofenaki, kwa huruma kabisa, baada ya mbwa kuchechemea. Vidonge hivyo huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Vivyo hivyo dawa ya josho la ng'ombe, ikipakwa juu ya mbwa pasipo kupunguzwa ipasavyo, huua kupe na mbwa pamoja. Daktari aliye mwema atakuwa ameyasema haya siku ya kwanza alipotembelea banda, kabla ya kuulizwa.

Joto nalo lina elimu yake. Mbwa aliyepumzika ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mbwa aliyetoka kufuata nyayo saa saba mchana huweza kufika 41 na bado akawa mzima, maadamu anahema vizuri, ana akili zake, na joto linashuka anapowekwa kivulini. Daktari wa mbwa wa sebuleni akiiona 41 hutaharuki. Daktari wa mbwa wa kazi hutazama kwanza mbwa mwenyewe. Lakini yule anayepepesuka, asiyeitika jina lake, mwenye ufizi mwekundu mno na anayetapika, huyo anakufa kwa joto, wala hasubiri gari. Mwageni maji mwilini palepale, mpepeeni, kisha ndipo safari ianze.

Tena liko tumbo. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu huweza kuvimba tumbo ghafula, likajaa upepo na kujisokota. Mbwa hujaribu kutapika bila ya kutoa kitu, huenda huku na huku, tumbo likipigwa hulia kama ngoma. Hapo tunahesabu saa chache. Hakuna dawa ya kumeza itakayoligeuza tumbo lililojisokota. Ni kisu tu. Jeshi la Marekani huwafanyia mbwa wao upasuaji mapema wa kulishona tumbo ukutani mwake lisijisokote kamwe. Sisi tusioweza hayo kila mahali, tuulize yanayowezekana: ni daktari gani mwenye chumba cha upasuaji, mwenye dawa ya usingizi, atakayeitika simu saa nane usiku? Aliye bora kuliko wote lakini yuko mwendo wa saa sita, kwa tumbo la namna hii ni sawa na asiyekuwapo. Kwa hiyo kituo cha mbali chahitaji madaktari wawili: mmoja wa karibu kwa dharura, na mmoja wa mjini atakayemwongoza huyo wa karibu kwa simu. Si aibu wao wawili kusaidiana. Aibu ni mmoja kuona haya kumpigia mwenzake.

Chanjo hatutazieleza kwa urefu, kwani kila kikosi kina ratiba yake. Twakumbusha tu kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa humlinda mwongozaji kabla ya kumlinda mwingine yeyote, na kwamba daktari anayeweka vichupa vya chanjo katika jokofu lisilo na umeme anachoma maji.

Limebaki jambo moja ambalo maafande watatusamehe kulisema. Mbwa hana cheo, lakini watu wanaomzunguka wanavyo. Mkubwa anamtaka mbwa kwa msako wa kesho. Mbwa ana siku ya tano tangu atoke katika homa ya kupe. Mwongozaji ni koplo na hawezi kubisha. Ni nani atakayesema hapana? Ni daktari. Tumemwona mmoja, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, akimwambia afisa aliyesimama mbele yake na nyota begani, "Afande, mbwa huyu hatatoka banda lake kwa wiki tatu. Nitaandika, nawe utatia sahihi kwamba umesoma." Afisa alitazama karatasi kwa muda mrefu, akatia sahihi, akaondoka bila ya neno. Mwezi uliofuata mbwa yule alikuwa kazini. Daktari anayekubali kila aliloambiwa na mkubwa ni mzuri wa kunywa naye chai, lakini mbwa wenu msimpeleke kwake.

Afisa naye ana wajibu wake, nao ni wa fedha. Mbwa aliyefunzwa amegharimu miezi mingi ya kazi ya watu, na mwingine hapatikani sokoni kesho. Tangu 2016 walinzi wa wanyamapori wa Uganda wana mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Mmoja wao akilala, mlango wa magendo umefunguliwa. Mkataba na daktari, pamoja na nauli yake ya kuja kutazama banda walau mara moja kila miezi mitatu mbwa wakiwa wazima, uandikwe katika makisio ya kikosi kama petroli ya gari inavyoandikwa. Daktari aliyemwona mbwa akiwa mzima ndiye atakayetambua mapema kwamba leo si mzima.

Na mwongozaji, wewe ulalaye jirani na banda, uko na kazi unayoweza kuifanya leo hii kabla ya jua kuchwa, wala haihitaji fedha ya mtu. Mchukue mbwa wako mpaka zahanati penye mizani ya kupimia wagonjwa. Panda juu ya mizani ukiwa umembeba, soma. Mshushe, panda peke yako, soma tena. Toa kimoja katika kingine. Kisha chukua chaki, andika hesabu hiyo juu ya mlango wa banda, na chini yake uandike tarehe na namba ya simu ya daktari.